Mpiga Kinanda Aliyekula Pongo

Vijana wa Kanoni, nimesikia mnavyosema. Mnasema yule mzee aliyewasimulia baba zenu filamu, mtu aliyeweza kuongea tangu mwanzo wa picha hadi mwisho bila kumeza mate, siku ya kumzika mke wake alipewa kipaza sauti akakiweka chini. Hakusema hata asante. Mmoja wenu aliniambia usoni, kwa upole mnaotumia kwa wazee na kwa ng'ombe wagonjwa: "Babu, siku ile ulituangusha."

Nitawajibu, ila nitapita njia ndefu, maana jibu liko ndani ya kazi yenyewe, na kazi yenyewe hamuijui. Ninyi mnaletewa filamu kwenye simu ikiwa imeshasimuliwa na kijana fulani wa mjini anayepiga makelele hata mtu akikoroga chai. Mnadhani hiyo ndiyo kazi. Sawa. Hata kuku anadhani jogoo ndiye anayeleta asubuhi.

Banda letu la video lilikuwa jirani na mashine ya kukoboa kahawa. Kuta za udongo, mabenchi ya mikaratusi yaliyochana suruali za watu wazima, mikeka kwenye madirisha ili mwanga usiingie na wasiolipa wasione. Televisheni ilikuwa na ukubwa wa mzinga wa nyuki na ilinguruma hivyo hivyo. Mimi nilikaa kushoto kwake na kipaza sauti changu, na kulia kwake alikaa Eunike, mke wangu, na cha kwake. Nilisema maneno ya wanaume. Yeye alisema ya wanawake, ya watoto, na ya madaktari wote, kwa sababu alisema madaktari huongea kama mama aliyeamshwa kabla ya wakati.

Nilijifunza kwa mtu wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, tuliyemwita Salongo kwa kuwa alikuwa baba wa pacha. Nilivuka kwenda kumwona shangazi, nikapita bandani kwake kupumzika kidogo, na shangazi akanisubiri wiki nzima. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, cha mwalimu ambaye naye alikuwa anakitafuta. Nilipomwambia Salongo hivyo, alicheka.

"Sadoki, filamu haitafsiriwi," alisema. "Filamu inasindikizwa, kama mgeni. Unatembea naye hadi njia panda. Humbebi mgongoni."

Kwa hiyo nilikuwa naiangalia kila filamu peke yangu kwanza, sauti ikiwa imezimwa, hadi nijue kila mtu anataka nini. Ukijua mtu anataka nini, nusu ya maneno yake utayapata. Kisha naiangalia tena na sauti, nusu iliyobaki namwuliza mwalimu wa sekondari, na nisichokijua nasema sikijui. Ndiyo, kwenye kipaza sauti. "Hapa amesema jambo, sikulielewa." Watu walinizoea. Waliniamini kwa mengine kwa sababu ya hilo.

Salongo alikuwa na amri moja ambayo hakuifanyia mzaha. "Wimbo ukianza, kipaza sauti chini. Ukiongea juu ya wimbo, wewe ni mbwa anayebweka msibani." Nimeishika amri hiyo maisha yangu yote. Kumbukeni nimeisema.

Jambo jingine halikutoka kwa Salongo, lilitoka kwetu. Ninyi mnajua mgeni akiingia nyumbani hapa huulizwa nini baada ya shikamoo. Mwana wa nani? Ukoo gani? Mwiko wenu ni nini? Mtu asiye na mwiko hana kwao. Watazamaji wetu walikuwa vivyo hivyo. Mzungu akitokea kwenye kioo na bunduki, kabla hajapiga risasi ya kwanza mtu anaita kutoka nyuma: "Sadoki, huyo ni mwana wa nani?" Usipojibu, hawasikilizi. Basi nikawa nawapa kwao. Kuna askari wa majini niliyemfanya mtoto wa Songambele, na wiki iliyofuata watu wa Songambele wakaja kumwangalia ndugu yao, wakalalamika amekonda.

Mtasema huo ni uongo, na wewe mzee unajidai mkweli. Hapana. Uongo unahitaji mtu asiyejua kwamba anadanganywa. Pale kila mtu alijua. Nilichokataa ni kubadilisha kilichosemwa au kilichoonekana. Mtu akiua, nilisema ameua, hata kama ni wa kwetu.

Sasa, filamu.

Ilikuja kwenye furushi kutoka ng'ambo, na kwenye jalada palikuwa na mwanamume wa nywele ndefu akiruka juu ya moto na upanga mkononi. Nikaandika kwa chaki ubaoni: MAPIGANO MAKALI. Nilianza kuiangalia peke yangu nikagundua upanga ule ni kijiti cha kuongozea muziki. Nilifuta maneno ubaoni, nikaandika: MUZIKI. MAPIGANO HAKUNA. Watu walikuja wengi kuliko siku zote. Walidhani nimeficha kitu.

Ilikuwa habari ya mtunzi wa muziki wa Ulaya ya zamani, enzi za makoti marefu na magari ya farasi, mtu aliyepiga kinanda kikubwa cha miguu mitatu, kipana kama mtumbwi wetu wa kukamulia ndizi za pombe ya rubisi. Lakini waliomtengeneza hawakuwa na adabu naye hata kidogo. Walimpa magitaa ya umeme. Wanawake wa kizungu, wenye kofia na glavu, walizimia akigusa kinanda, na watumishi waliwakusanya kwa toroli. Askofu alicheza dansi juu ya viatu vya magurudumu. Wanaomdai waliingia wakiimba kwa sauti nne, nzuri kuliko kwaya nyingi ninazozijua. Na alikuwapo mama mmoja, mke wa mkubwa fulani, aliyeacha nyumba yake akaenda kuishi na mpiga kinanda. Huyo mama alikuwa wa Eunike.

"Sadoki, huyo mwenye nywele ni mwana wa nani?" wakaita.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu anayeidai dunia. Nikawaambia ni wa Rugu, ukoo wa wale wasiokula pongo, swala wa porini mwenye madoa. Banda zima likageuka kuangalia nyuma ya nguzo, na hapo ndipo nilipojua kwamba Ta Eliakimu yumo. Ta Eliakimu, ambaye wote tulimwita Ta kwa kuwa ni sawa na baba, alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri, mwenyeji wa Rugu, wa ukoo huo huo, na alikuwa amehubiri dhidi ya mabanda ya video Jumapili iliyotangulia. Alikuwa amekaa na kofia imeshuka hadi puani, kwa unyenyekevu.

"Ta Eliakimu, ndugu yako ana nywele!" mtu akasema.

Kofia ikashuka hadi kidevuni.

Basi ikaja karamu. Matajiri wamerudi kuwinda, meza ndefu, na katikati ya meza mnyama mzima aliyechomwa, kichwa kimeachiwa ngozi na pembe zake juu. Mpiga kinanda anakata paja, anakula, anaimba huku mafuta yanashuka kidevuni.

"Sadoki," sauti ikatoka nyuma ya nguzo. "Anakula nini huyo?"

"Nyama, waitu," nikajibu kwa heshima.

"Nyama ya nini?"

Nilitazama zile pembe. Nimezaliwa kandokando ya pori. Kama Ulaya wana mnyama mwingine mwenye pembe zile na madoa yale, mimi sikuambiwa.

"Pongo," nikasema kwenye kipaza sauti.

Mnajua kwetu husemwa nini juu ya mtu anayekula mwiko wake: ngozi yake huota mabaka, mwili hudhoofu. Filamu, kama iliyotengenezwa pale pale Rugu, ikaleta picha inayofuata: mpiga kinanda kitandani, anakohoa, uso umejaa mabaka mekundu.

"Mawe, mama yangu!" akalia mama mmoja. "Mwiko umemkamata!"

Sijawahi kusikia banda likicheka vile. Benchi moja lilivunjika. Ta Eliakimu alitoka kabla ya mwisho, au tulidhani ametoka. Baadaye ilijulikana alihamia dirishani, akaimalizia kupitia tundu la mkeka.

Asubuhi yake alikuja kwangu. Eunike alimpa kahawa ya kutafuna, akaipokea, akakaa.

"Sadoki, mwanangu. Filamu ile unairudia lini?"

"Siku ya gulio, Ta."

"Siku hiyo utasema ni mbuzi."

"Zile pembe, Ta Eliakimu..."

"Mbuzi wa Ulaya ana pembe za aina yoyote. Umefika Ulaya?"

"Sijafika."

"Basi unakataaje?"

"Kwa sababu nimeona pongo. Ukoo naweza kuubadilisha, waitu. Nitasema ni wa Bukoba."

"Watu wameshamjua! Wajukuu wangu wanaitwa wala pongo njiani. Na mabaka yale, nani aliweka mabaka?"

Nilimwambia mabaka hayakuwa yangu. Akasimama, akaaga vizuri, akaenda.

Sasa angalieni akili ya mzee wa kanisa. Hawezi kwenda mbele ya mchungaji kushitaki kwamba mzungu wa kwenye kioo amekula mwiko wa ukoo wake. Mambo ya miko tuliyaacha, tumebatizwa. Basi akashitaki uzinzi. Wala hakunishitaki mimi. Kanisani mimi nilikaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, na aliyekaa chini humwangushi. Alimshitaki Eunike, sauti ya kwanza ya kwaya, kwamba ametamka kwa kinywa chake maneno ya mwanamke aliyeacha ndoa, na kwamba ameyatamka kwa kuyapenda.

Hapa sitanii. Tulizika watoto wawili, mimi na Eunike, wakiwa wadogo. Nyumbani hakulia. Alikwenda kwaya, akalia akiimba, akarudi akapika. Kwaya ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kulilia. Na kwa desturi ya usharika wetu wakati ule, aliyetengwa haimbi, na akifa kabla ya kutubu haimbiwi. Anazikwa kimya kama mbegu. Hilo ndilo alilokuwa anaogopa, na aliniambia akiwa anamenya ndizi, bila kuinua uso.

"Ungesema mbuzi, Sadoki. Mbuzi tu."

"Wewe ungesema?"

Akamenya ndizi nyingine mbili. "Nisingesema."

Baraza la wazee likakaa baada ya ibada. Ta Eliakimu akasimama kueleza uovu wa filamu, na mtu yule alikuwa na kipaji kilichopotea bure. Alieleza karamu, ila mnyama alimruka. Alieleza kinanda. Alipofika kwa askofu, alionyesha viatu vya magurudumu kwa kuteleza kutoka dirishani hadi kabatini, mikono imepanuka.

"Halafu?" wazee wakauliza. "Akaanguka?"

"Hakuanguka! Akazunguka!"

"Ta Eliakimu," mchungaji akasema taratibu, "haya uliyasikia ukiwa umekaa au umesimama?"

"Kwanza nilikaa," akasema, akarudi kitini.

Mchungaji akaamua kwamba haiwezekani kuhukumu kitu ambacho baraza halijakiona, na nyuso za wazee zikaonyesha jinsi jukumu hilo lilivyo zito. Walikuja Jumatano mchana. Walivua kofia mlangoni kama wanaoingia msibani. Ta Eliakimu alikaa mbele kabisa, na ndani ya muda mfupi ikabidi mchungaji amwombe aache kuwaambia wenzake kinachofuata.

Nilisema kila kitu kama nilivyosema mara ya kwanza. Hata pongo. Ta Eliakimu alifumba macho hadi mabaka yalipopita. Eunike naye alisema maneno ya yule mama, yote, pamoja na yale anayosema akifunga mlango wa mume wake. Alijua kila neno linampeleka nje ya kwaya. Hakupunguza hata moja, na sauti haikutetemeka.

Mwisho wa filamu ile mpiga kinanda anakufa na anazikwa, na yule mama anapanda juu ya jeneza. Anacheka. Anaimba, anapiga jeneza kwa visigino vya viatu kama ngoma, magitaa yanalia ndani ya kaburi. Mara ya kwanza watu wetu walikasirika: kwa nini hakuna nyasi zilizotandikwa, nani kaleta ndizi, mbona wamevaa kofia. Mimi, kama kawaida, wimbo ulipoanza niliweka kipaza sauti chini. Na Eunike mara ya kwanza aliweka.

Jumatano ile hakuweka.

Hakutafsiri. Maneno ya wimbo ule wala hatukuyajua. Aliimba wimbo wa kina mama kwa Kinyambo chetu, ule wanaomwimbia maiti kabla wanaume hawajaja kumbeba, na aliuimba akicheka, sawasawa na yule mwanamke kwenye kioo, kicheko kikiingia na kutoka kati ya maneno. Ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuwa anacheka. Niliitazama filamu ile mara ngapi, na sikuwa nimeona.

Nilipogeuka, Ta Eliakimu alikuwa ameingiza uso wote ndani ya kofia yake. Alikuwa amemzika mke wake msimu wa senene uliopita. Mzee mwingine alikuwa anasoma ukuta. Mchungaji alipenga kamasi, akasema ni moshi wa jenereta. Jenereta lilikuwa nyuma ya mashine ya kahawa, na upepo siku ile ulikwenda Rugu.

Basi wakalia, wakafuta macho, wakavaa kofia zao, wakamtenga.

Mlitarajia nini? Ilikuwa imeshaandikwa kwenye ajenda.

Msimu mzima wa kahawa Eunike alikaa na mimi benchi la mwisho. Kwaya ikiimba naye aliimba, pole pole, na mwalimu wa kwaya alikuwa anageuza kichwa kutafuta noti ilipo. Kila jioni niliona anavyopita migombani, kibanjani kwetu, kwenye makaburi ya watoto bila kusimama. Nilimwambia atubu, yaishe. Alisema hajui atubu nini. Kutubu ambacho hukufanya ni uongo, na uongo mbele ya madhabahu ni mkubwa kuliko mbuzi.

Halafu Jumapili moja, bila kuniambia, aliinuka akaenda mbele. Ta Eliakimu alikuwa ameketi kiti chake cha mbele.

"Ndugu zangu," akasema, "nimechunguza moyo wangu na nimepata kosa. Niliwaliza wazee wa kanisa mchana kweupe, na sikuwa na vitambaa vya kuwapa. Natubu."

Kwanza alicheka mtoto. Kisha kanisa zima. Mchungaji akasema amina haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mbuzi hawajaingia, na Eunike akatoka mbele akaenda moja kwa moja kwenye nafasi yake, safu ya sauti ya kwanza. Hakurudi benchini kwangu hata kuchukua kanga yake. Niliibeba mimi.

Baada ya hapo tulisimulia filamu nyingi, hadi simu zenu zilipokuja na banda likawa ghala la mahindi. Aliimba kwaya hadi kifua kilipomkatalia.

Mlikuwapo kwenye maziko. Mliona kaburi kibanjani, pembeni ya yale madogo mawili. Mliona kwaya imesimama kati ya migomba, wakianza ule wimbo wake. Na mlimwona yule mshereheshaji wenu wa suti ya bluu, kijana mwenye bidii sana, akinijia na kipaza sauti kwaya ikiwa katikati ya ubeti.

"Mzee wetu," akasema, na spika zikasema naye, "msimuliaji mashuhuri, neno moja kwa ufupi tu!"

Nilikipokea. Nikakiweka chini kwenye nyasi.

Ambacho hamkukisikia kule mlikokaa ni hiki. Ta Eliakimu alikuwa amesimama pembeni yangu, mzee sasa kuliko mimi, ameshikiliwa na fimbo na mjukuu. Akaniinamia sikioni.

"Sadoki. Sasa niambie ukweli, tuko kaburini. Alikuwa mbuzi?"

"Pongo, Ta."

Akatikisa kichwa taratibu. Kwaya ilikuwa inaingia kiitikio, na safu ya sauti ya kwanza ilikuwa na pengo.

"Nilijua," akasema. Akavua kofia. "Haya, tusikilize."